Kivuli Kifuani kwa Mama Deusi

Siku yangu ya kwanza kazini sikumhudumia mgonjwa hata mmoja. Niliripoti saa moja asubuhi, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, cheti changu cha uteknolojia wa mionzi kiko ndani ya bahasha. Mkuu wa Kitengo cha Mionzi alikitazama cheti, akanitazama mimi, akasema niende chumba cha giza kwa Mzee Sadiki kwa sababu kazi inaanzia huko. Hospitali ilikuwa ya kanisa, juu ya kilima huku Karagwe, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeingia hadi koridoni.

Mzee Sadiki ndiye aliyekuwa msafishaji wa filamu. Watu wake walitoka pwani wakaja kufungua duka Kayanga, na katika ukoo mzima yeye peke yake alikataa kukaa nyuma ya kaunta. Alifunga mlango, akazima taa, akaniambia nikae kwenye stuli nisiseme neno. Tulikaa hivyo robo saa. Ninyi mnaosoma picha kwenye kompyuta hamtalijua giza lile. Nje jua limeshatoka, akina mama wanapiga soga kwenye benchi, na wewe huuoni hata mkono wako mwenyewe. Kisha nikasikia kaseti ikifunguliwa. Kaseti ni boksi bapa la kubebea filamu, na ndani yake kuna skrini, yaani kadi ngumu iliyopakwa unga unaotoa mwanga ukipigwa na eksirei. Mwanga huo ndio hasa unaochora picha kwenye filamu.

Nikaona mbavu. Zilikuwa za bluu, hafifu sana, zimeelea gizani mbele ya magoti yangu, na hapakuwa na mtu.

"Huyo ameshaondoka, yuko nje anafunga vifungo vya shati," Mzee Sadiki akasema. "Skrini zetu zimechoka, binti. Zinachelewa kusahau. Kaseti ikitoka kwa mtu ipumzishe. Ukimkimbizia mwingine utampa mbavu za watu."

Nilicheka, kwa sababu niliogopa. Yeye hakucheka. Tulizitazama zile mbavu mpaka zikazimika, na nakiri kwamba nilipotoka nje nilimtafuta kwa macho yule mwanamume wa shati nione kama bado anazo zake.

Ninaandika haya kwa ajili ya vijana waliochukua kazi yangu, na pia kwa ajili ya mama mmoja wa Mabira, wilaya ya Kyerwa, ambaye nilimkosea. Nilikuwa na kila sababu ya kutomkosea. Nilikuwa nimefundishwa tangu siku ya kwanza.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kituo cha afya huko Kyerwa, ambako mashine ilikuwa moja na umeme ulikuja ulipojisikia. Mganga Mfawidhi wa pale alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya padre. Mimi nikiwa na pupa ya kumaliza foleni, aliniita ofisini akaniambia taratibu: "Teopista, mwenye haraka ahamie dirisha la dawa. Huku kwako picha mbaya unairudia. Hakuna aliyewahi kufa kwa kusubiri benchi." Nilikasirika sana. Nilijiona fundi. Leo ningependa kumwomba radhi, lakini naye ametangulia mbele ya haki.

Huko Kyerwa ndiko nilikolizoea bati. Si bati la kuezekea, nasema madini yenyewe, yale mawe meusi mazito ambayo vijana huyachimba kwenye mashimo membamba vilimani. Walikuja kwangu na mikono iliyopondeka na vifua vilivyojaa vumbi. Wengine hawakuja kabisa, maana shimo likiporomoka wakati wa mvua, mara nyingine hata mwili haupatikani.

Niliporudishwa Karagwe nilikuwa mama mtu mzima, na nyuma ya hospitali palikuwa pamejengwa maabara ndogo ya utafiti. Mkuu wa Mradi alikuwa daktari wa kemia, mzaliwa wa Ihembe, aliyesoma ng'ambo akarudi na sanduku moja la nguo na manne ya chupa. Aliomba apewe mpiga eksirei mzoefu, nikapelekwa mimi. Nadhani hospitali ilitaka pia kupumzika na mdomo wangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kitu kinachopokea eksirei kikatoa mwanga wataalamu hukiita sintileta. Zile skrini za Mzee Sadiki zilikuwa sintileta za zamani. Siku hizi kuna fuwele za aina mpya, rahisi kutengeneza hata kwa jiko dogo, nazo hutoa mwanga mwingi kwa eksirei kidogo, kwa hiyo mgonjwa anapata dozi ndogo. Ubaya ni kwamba zile zilizo bora zina madini ya risasi ndani yake. Risasi iliyo kwenye aproni tunayovaa imelala tu, haina shida na mtu. Iliyo ndani ya fuwele huyeyuka kwenye maji. Mkuu wa Mradi alinitoa nje siku ya kwanza, akanionyesha shimo la taka la hospitali na mteremko ulio chini yake.

"Kibao kikivunjika kitatupwa hapa," akasema. "Mvua itakiosha kishuke kwenye kile kibanja cha migomba pale. Halafu tutakila na ndizi. Mimi sitaki kuwaletea watu wangu mashine inayowatibu kifua huku inawalisha sumu."

Basi mahali pa risasi akataka kuweka bati. Ni ndugu katika kemia, alisema, na Kyerwa limejaa. Lakini bati lina kiburi. Likiguswa na hewa linaharibika. Asubuhi tunatoa fuwele zinang'aa njano kama kiini cha yai, kesho yake ni kahawia, zimekufa. Tulizifunika kwa nta, kwa kioo, kwa plastiki, tukabadili hiki na kuongeza kile, na kila mchanganyiko tuliupa namba. Namba kumi na saba ndio uliosimama. Tuliumwaga kwenye vibao viwili vya ukubwa wa sinia, tukaviita A na B. Kibao kiliwekwa kwenye boksi jeusi lenye kamera ndani, eksirei ikapigwa, na picha ikatokea kwenye kompyuta safi kiasi kwamba Mkuu wa Mradi alivua miwani akafuta macho.

Kisha mizuka ikaanza.

Ili kujaribu kibao humpigi mtu mzima asiye na shida. Unatumia kiigizo. Ng'ambo wana viigizo vya plastiki vyenye umbo la binadamu. Sisi tulikata mgomba, maana shina lake limejaa maji, na eksirei hulipita karibu sawa na inavyopita nyama. Ndani tulichomeka mbavu za mbuzi, na juu upande wa kulia tukapachika gololi ya kioo iwe uvimbe. Siku moja baada ya kumpiga mgomba wetu, nilipiga eksirei boksi likiwa tupu, kwa kukagua tu. Kwenye kompyuta akatokea mtu amelala. Alikuwa na mbavu, na upande wa kulia doa la mviringo. Nilijua ni mgomba. Nililijua hilo vizuri kabisa, na bado nilitoka nje nikasimama juani.

Mkuu wa Mradi alinieleza kwamba ndani ya fuwele mna vishimo vidogo visivyoonekana. Nguvu ya eksirei hutumbukia humo, ikakaa mpaka joto liitoe. Kesho yake palikuwa na baridi, nikakipakata kibao kile kile A kwenye chumba cha giza kukijaribu. Mikono yangu ilipokipasha moto, mbavu zikaanza kupanda zenyewe pale viganja vilipogusa. Hapakuwa na eksirei wala umeme. Niliviondoa viganja, zikafifia. Nikavirudisha, zikarudi.

Kitaalamu tuliziita masalia. Wafagizi waliziita kwa jina jingine na wakaacha kuingia mle.

Hatimaye kibali kikaja cha kujaribu kwa wagonjwa. Masharti yalikuwa kwamba mgonjwa akubali mwenyewe, na apigwe pia kwa filamu ya kawaida, na matibabu yafuate filamu. Asubuhi ya siku ya kwanza nilitaka kukagua kibao kwanza kwa mgomba. Utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo, na jana yake ulikuwa umenichafulia koti. Kwa hiyo niliuviringisha mgomba kwenye shuka jeupe la wodini, nikaulaza kwenye machela, tukausukuma na mfagizi mmoja kupitia koridoni.

Hapo ndipo mtu wa nje asingeelewa. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, familia hukata mgomba, huuvisha shuka, huulilia, huuzika kibanjani mahali pake. Mimi ni wa huku huku. Nilizika mgomba mmoja nikiwa msichana, wa mjomba wangu. Lakini nilikuwa nawaza gololi na utomvu, na sikuona nilichokuwa nasukuma mpaka benchi lote liliponyamaza. Wanaume walivua kofia. Akina mama wawili wakashuka wakakaa chini.

Mwanamke mmoja mwembamba alibaki amesimama. Alikuwa anakohoa, ameziba mdomo kwa kitenge.

"Ni nani huyo, waitu, jamani?" akauliza.

Nikamwamkia, shikamoo mama, nikamwambia ni mgomba tu.

"Najua ni mgomba. Wa nani?"

Nikasukuma machela nikapita.

Huyo ndiye Mama Deusi. Zamu yake ilipofika alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa, wakati nampanga mbele ya boksi. Mwanawe Deusi alikuwa mchimbaji wa bati Kyerwa. Shimo lilimfunika msimu mmoja wa mvua, wakachimbua siku nyingi, hawakumpata. Shemeji zake walitaka kuzika mgomba, yeye akakataa, mwaka baada ya mwaka, akisema hatamzika mtu ambaye hajamwona. Kisha akaniuliza unga wa kwenye kibao chetu unatoka wapi. Nilimwambia ukweli, unatoka kwa bati la Kyerwa. Akaweka kifua chake kwenye boksi polepole sana, na shavu pia, ingawa shavu halikuhitajika.

Picha ikatokea. Kifua cha mtu aliyekonda, mbavu zimepangika vizuri, na juu, pafu la kulia, kivuli cha mviringo.

Sikupaswa kumwonyesha mgonjwa kompyuta, lakini chumba kilikuwa kidogo na alikuwa ameshageuka. Alinyoosha kidole mpaka kikakaribia kugusa kioo. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo ni Deusi."

Ndipo nikafanya kile ambacho watu wa fani yetu hufanya tukiogopa, nikawa mtaalamu. Nilimwambia hapana mama, hiyo ni gololi, ni masalia ya mgomba uliouona koridoni, kibao hiki kina tabia ya kukumbuka. Nilizungumza sana. Filamu yake ya kawaida ilipotoka ilikuwa na ukungu kwa sababu alikohoa nilipobonyeza. Nilipaswa kuirudia. Daktari wa zamu aliniuliza kuhusu kile kivuli cha kwenye kompyuta, na kwenye makohozi yake maabara hawakuona vijidudu vya kifua kikuu, kwa hiyo neno langu lilikuwa na uzito. Nikasema ni masalia. Akaniamini, akamwandikia dawa ya kikohozi.

Mlangoni Mama Deusi aligeuka. "Kwa hiyo hayupo?"

"Hayupo, mama," nikamjibu, nikaona nimemsaidia.

Kahawa ikavunwa, ikaanikwa, ikauzwa. Senene wakaja. Wakati wa senene ndipo Mama Deusi aliporudi, safari hii kwa bodaboda, amefungwa kwa kanga nyuma ya dereva asianguke. Alikuwa anakohoa damu. Nilimpiga kwa filamu ya kawaida, nikarudia mara mbili kwa uangalifu wa kijinga wa mtu aliyechelewa. Kivuli kilikuwa pale pale, pafu la kulia, juu, kimekua na katikati yake kimeoza tundu.

Nikaenda kufungua daftari la vibao. Kila picha tuliiandika, kibao gani, saa ngapi, nani. Asubuhi ile ya machela mgomba ulipigwa kwa kibao A. Mama Deusi alipigwa kwa kibao B, ambacho kilitolewa kwenye kasha lake siku hiyo kwa mara ya kwanza. Hakikuwahi kukutana na mgomba. Hakikuwa na kitu cha kukumbuka. Mwandiko ulikuwa wangu mwenyewe, wino wa bluu. Niliusoma mara nyingi, nikiwa nimekaa kwenye sakafu ya maabara, na sioni aibu kusema nililia.

Nilikwenda wodini kumwambia. Nilimwita mama, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasema kile kivuli hakikuwa gololi, kilikuwa cha kweli tangu siku ile, na mimi ndiye niliyekosea.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Uliniambia hayupo," akasema. "Nikarudi nyumbani, nikawaambia shemeji zangu wakate mgomba. Tukamzika."

Nikalivuta blanketi nikamfunika miguu.

"Miaka yote nilikataa. Wewe ndiye niliyekuamini kwa sababu una mashine. Sasa unasema alikuwepo."

Nilimweleza kwamba ni ugonjwa, ni kifua kikuu, kina dawa, utapona. Nilisema yote ambayo mtu wa hospitali husema. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Dawa hiyo itamfanya nini?" Na mimi, Mungu anisamehe, nilielewa vizuri kwamba hakuwa anauliza kuhusu kivuli.

Niliandika taarifa kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali. Alinisimamisha kupiga wagonjwa kwa muda, na alikuwa na haki. Mkuu wa Mradi alisitisha majaribio yote. Nilitegemea angenifokea. Alikaa na lile daftari mbele yake, akasema, "Teopista, nilihangaika na vishimo vya kwenye fuwele. Sikuwaza kwamba hata wewe mgomba ule utakukaa kichwani." Tangu siku hiyo tukaweka utaratibu ambao mpaka leo unafuatwa. Kabla ya mgonjwa, kibao kinapashwa moto kutoa kilichomo, kisha kinapigwa kitupu, na picha ile tupu inasomwa na mtu mwingine, si yule anayepiga. Kivuli chochote kinachotiliwa shaka kinarudiwa siku hiyo hiyo. Namba kumi na saba tukaachana nayo. Mchanganyiko uliofuata uliweka shaba mahali pa bati, nao haukuhofia hewa wala haukubaki na masalia. Hauna risasi hata chembe. Kazi hiyo nilishiriki mpaka mwisho na ninaionea fahari, sitajifanya mnyenyekevu hapo.

Mama Deusi alikunywa dawa zake zote. Muuguzi wa Mabira aliniambia hakukosa hata siku moja, ila kila asubuhi alikishika kile kidonge mkononi kwa muda kabla ya kukimeza. Alikuja kupigwa picha mara kadhaa, nami nikaomba niwe mpigaji wake. Kila mara aliomba kuonyeshwa. Kila mara kivuli kilikuwa kimepungua. Mara ya pili kilikuwa cha ukubwa wa yai la kuku, baadaye buni ya kahawa. Alikuwa ananenepa, uso unajaa, anaanza hata kunitania kuhusu miguu yangu, na kila alipokitazama kile kivuli kinachosinyaa aliweka kiganja upande wa kulia wa kifua, juu, akakiacha hapo mpaka avae.

Vijana wangu wapendwa, nimestaafu sasa, nina kibanja changu Chonyonyo, nagombana na nyani na majirani. Mnaponitembelea hupenda kuniuliza kama zile picha za mgomba ziliwahi kuwa zaidi ya fizikia. Nawajibu kwamba fizikia ilitosha kunitisha. Kilichonishinda si kibao. Nilikuwa na hamu kubwa mno ya kumtoa yule mama kwenye imani yake, na hamu hiyo ikanipofusha nisione pafu lililokuwa mbele yangu. Yeye alikiona kivuli akakiita jina ambalo silo. Mimi nilikiona nikakiita si kitu. Kati yetu wawili, nani aliyekuwa karibu na ukweli, mimi huwa sipendi kujibu.

Picha yake ya mwisho niliipiga wiki ya mwisho ya utumishi wangu, kwa kibao kipya. Nilikipasha moto, nikakipiga kitupu, mwenzangu akakisoma, akasaini. Kisha nikampanga Mama Deusi. Aliweka kifua, na shavu.

Mapafu yalikuwa safi kabisa, kulia na kushoto. Nilitafuta kila kona, nikaongeza mwanga, nikapunguza. Hapakuwa na kitu.

Yeye naye alitafuta. Alivaa miwani aliyokuwa ameinunua kwa ajili hiyo, akasogea, akatazama juu upande wa kulia, akanitazama mimi, akatazama tena. Hakuuliza. Machozi yalishuka yenyewe, na alikuwa mzima kabisa, ananenepa, hakohoi.

Maneno ya siku ya kupona nimewaambia watu wengi mno. Mdomo ulikuwa tayari kusema hongera.

"Pole, mama," nikasema.

"Asante, mwanangu," akajibu, akaanza kufunga kitenge chake.